Mkaguzi wa mwisho wa kahawa

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tulikuwa tumetoka kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi, tumezibua mtaro mmoja wa Nyamirambo, Kigali, tangu saa mbili asubuhi, buti zimeshika tope jekundu, na maduka ya mtaani yalikuwa bado hayajafunguliwa. Nikatia punje za kahawa kwenye kisagio, nikabonyeza swichi. Kikanguruma. Sahani yake ya kusagia haikuzunguka hata robo.

Nilikizima kabla sijahesabu tatu, na hilo ndilo jambo ninalomwomba msomaji alishike hata kama hatafika mwisho wa makala haya. Mota iliyokwama huku umeme unaingia huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, na mkondo huo hugeuka joto ndani ya koili. Vanishi inayozitenga nyaya za shaba huanza kuungua. Ukishaisikia harufu yake, kali na ya kukereketa koo, mota hiyo haina siku nyingi. Watu hubonyeza mara ya pili, ya tatu, ya kumi, wakitumaini mashine itajikwamua yenyewe. Mashine nyingi za jikoni hufia hapo, wala si kwenye hitilafu iliyoanza.

Kisagio chenyewe ni kikongwe, kimetengenezwa Italia, kizito kiasi cha kilo kumi hivi, na kibati chake cha jina kimesuguliwa mpaka hakisomeki. Nilikinunua kwa mwenye mkahawa aliyekuwa akifunga biashara. Ndani yake mna sahani mbili za chuma zenye meno: moja imetulia, ya pili inazungushwa na mota. Punje huingia katikati na kusukumwa kuelekea ukingoni, zikizidi kuwa ndogo kila hatua. Bibi zetu waliijua kanuni hiyo. Jiwe la chini limekaa, la juu linazunguka, na ujuzi wote uko kwenye nafasi iliyo kati yake.

Rafiki yangu aliniuliza kwa nini nisinunue kipya. Jibu langu linahusu nchi hii zaidi ya mashine.

Rwanda imeotesha mibuni kwa zaidi ya karne moja. Miche ya kwanza inayojulikana ilipandwa na wamisionari huko Mibirizi, kusini-magharibi, mwaka 1904, na jina la kijiji hicho limebaki kuwa jina la aina ya mbuni mpaka leo. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliwalazimisha wakulima kuilima. Kwa hiyo vizazi kadhaa viliifahamu ikawa, kama inavyoitwa kwa Kinyarwanda, kuwa ni kitu cha kuchuma, kukoboa na kupeleka kwa mnunuzi. Kunywa hakukuwemo. Mjini Kigali hadi leo ni rahisi kupata glasi ya maziwa au chai ya maziwa na tangawizi kuliko kikombe cha kahawa iliyosagwa palepale. Pwani ni kinyume: pale Mombasa na Unguja muuza kahawa na dele lake ni sehemu ya baraza, ingawa mibuni haioti mchangani. Sisi tulikuwa na shamba. Wao walikuwa na kinu na mchi.

Mambo yalianza kugeuka baada ya vita na mauaji ya kimbari ya 1994, nchi ilipokuwa ikijijenga upya. Mwaka 2001 wakulima wa ushirika wa Abahuzamugambi, Maraba, wilayani Huye, walipata kituo chao cha kuoshea kahawa, na bei waliyopewa na wanunuzi wa nje ikawafumbua macho wakulima wa vilima vingine. Leo vituo vya namna hiyo vimepita 300. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuandaa mashindano ya Cup of Excellence, ambako waonjaji hupanga kahawa kwa alama na iliyo bora huuzwa kwa mnada. Mikahawa ikaanza kufunguliwa Kigali, wakaangaji wakaanza kuuza pakiti kwa wenyeji, na visagio vya umeme, vipya na vya mitumba, vikaingia jikoni na kwenye kaunta.

Ndiyo maana siwezi kukitazama kisagio kama chombo cha anasa. Ndani yake kahawa ya Rwanda inafika nyumbani. Tena kina kazi nyingine hapa, ambayo kwa mtu wa Roma haina uzito kama ilio nao kwa mtu wa Kigali.

Kahawa ya eneo la Maziwa Makuu ina adui mmoja wa ajabu. Kuna mdudu aitwaye antestia anayetoboa matunda ya mbuni yakiwa bado mtini. Shambulio hilo huhusishwa na kemikali za jamii ya pairazini zinazojikusanya ndani ya punje. Punje hiyo ikisagwa hutoa harufu ya kiazi mviringo kibichi, kama vile umemenya kiazi cha Musanze na kukileta puani. Haimdhuru mnywaji. Lakini punje moja tu huharibu kikombe kizima. Akina mama wanaochambua kahawa kwenye meza za vituo vya kuoshea wana macho makali kuliko yangu, nao huondoa kila punje iliyotobolewa na iliyobadilika rangi. Hata hivyo zipo zinazopita, kwa sababu kwa nje hazina kasoro. Hazionekani zikiwa mbichi wala zikishakaangwa. Hujitangaza pale tu meno ya chuma yanapozivunja.

Basi kisagio ndicho mkaguzi wa mwisho. Baada ya mkulima, mchambuzi, mkaangaji na muuzaji, yeye ndiye anayeifungua punje. Muuza kahawa makini wa Kigali hunusa unga kabla hajaumwagia maji, na akisikia kiazi huumwaga, husaga punje chache safi za kusafishia njia, kisha huanza upya. Kisagio kilichoziba kwa unga wa wiki iliyopita hakiwezi kazi hiyo. Huibeba harufu ya punje mbovu na kuigawa kwenye vikombe vinavyofuata, na mnywaji huondoka akiilaumu nchi nzima.

Narudi kwenye meza yangu. Nilichomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwa kuwa swichi iliyochoka inaweza kukuwashia mashine vidole vikiwa ndani. Nikamwaga punje zilizobaki juu, nikaweka alama ya kalamu kwenye kola ya kurekebishia unene wa unga ili nikumbuke ilipokuwa, nikaifungua taratibu. Sahani ya juu ikatoka.

Chini yake kulikuwa na ushahidi wa miaka. Mafuta ya kahawa yalikuwa yamegandamana na unga, yametengeneza ukoko mweusi kama masizi ya sufuria ya kuni, hasa kwenye mdomo wa kutokea unga. Niliukwangua kwa kijiti cha meno na brashi kavu ya rangi. Maji hayafai kugusa meno ya chuma, maana yatapata kutu kabla ya jioni. Wapo wanaoshauri kusaga mchele mbichi ili usafishe. Siungi mkono. Mchele ni mgumu kuliko kahawa iliyokaangwa, na vumbi lake la wanga likikutana na mafuta ya zamani hufanya uji mkavu unaoshika kuliko uchafu uliotaka kuuondoa.

Kati ya meno mawili ndipo nilipoliona: kokoto jeusi, dogo kama punje ya ulezi iliyonenepa, limejibana sawasawa. Kahawa inayoanikwa juu ya meza za wavu haina sababu ya kuokota kokoto. Inayoanikwa uani chini, kama wakulima wengi walivyofanya kwa miaka, huokota. Wakaangaji wakubwa wana mashine za kutenga mawe. Kahawa ile nilipewa na ndugu kutoka shambani, imekaangwa kwenye sufuria, na hakuna aliyeitandaza kwenye ungo kwanza. Jino moja la sahani lilikuwa limemeguka ncha. Nililipapasa kwa kidole, nikaona linafaa kuendelea.

Nikafunga, nikawasha. Kikanguruma tena.

Hapo nilikatishwa tamaa, nakiri. Nilikuwa nimempata mhalifu, na bado kosa lilikuwepo. Jumatatu nikakibeba kwa fundi mmoja mzee wa Biryogo, mtaa ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na ya mitaa miaka mingi kabla Bunge halijakipitisha kuwa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Anakaa barazani, meza yake imejaa feni, pasi na redio.

“Kinanguruma au kimya?” aliuliza kabla hajakigusa.

“Kinanguruma, Mzee.”

“Basi umeme unafika. Usije ukashawishika kununua swichi.”

Katika sentensi hiyo kuna nusu ya elimu ya kutafuta hitilafu. Mashine iliyo kimya kabisa inakuelekeza nje: soketi, plagi, waya uliokatika ndani pale unapoingilia kwenye mwili, fyuzi, swichi iliyojaa unga. Unaanzia ukutani na kuja ndani, kwa mita ya kupimia, hatua moja baada ya nyingine. Pia angalia kwanza kama Cash Power haijaisha. Ndiyo mita ya kulipia kabla, dada yake Luku ya Dar es Salaam. Inayonguruma imekwisha kukujibu maswali hayo yote. Inayozunguka vizuri lakini haisagi, au inatoa unga wa moto wenye punje nusunusu, inalalamikia meno yake, ambayo baada ya mamia ya kilo huwa butu. Na inayofanya kazi ukiigonga na kulala ukiiacha, huku cheche zikionekana kwenye matundu ya hewa, ni habari nyingine, nitaifikia.

Mzee aliishika shafti kwa vidole, plagi ikiwa imechomolewa, akaizungusha. Ilikwenda laini, bila mkwaruzo wala kuyumba. Beringi zikafutwa kwenye orodha. Akageuza mashine, akatoa skrubu nne za chini, akanionyesha kopo la plastiki jeupe lenye nyaya mbili, ukubwa wa betri nene ya tochi.

“Huyu ndiye mgonjwa.”

Kapasita. Umeme wa nyumbani Rwanda ni volti 230, nao hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kila sekunde. Ukiupitisha kwenye koili moja, sumaku inayozaliwa husukuma na kuvuta kwenye mstari uleule. Fikiria pedali ya baiskeli imesimama juu kabisa, nawe unaikanyaga moja kwa moja kwenda chini: nguvu ipo, misuli inatetemeka, mnyororo hausogei. Panahitajika mkono wa kuisukuma kutoka pembeni. Ndani ya mota ya namna hii kuna koili ya pili, na kazi ya kapasita ni kuutanguliza umeme wa koili hiyo ili koili hizo mbili zisisukume kwa wakati mmoja. Hapo ndipo sumaku inapopata mzunguko. Kapasita ikichoka, mkono wa pembeni hupotea, na mota hubaki ikitetemeka juu ya pedali. Huo ndio mngurumo.

Wapo mafundi wanaohakikisha kwa kuwasha umeme na kuizungusha shafti kwa kijiti, ikiondoka, wamejua. Mzee alinikataza nisijaribu kamwe, nami nakataza vilevile. Pia hakuigusa kapasita kwa vidole. Kifaa hicho huweza kutunza umeme hata plagi ikiwa imetoka, kwa hiyo kwanza aliunganisha miguu yake na taa ya zamani ya wati 40 ili kilichobaki kiishie humo. Ndipo akapima. Ubavuni iliandikwa mikrofaradi 12. Mita ilisoma 4 na kidogo.

Pengine lile kokoto na ukoko ndivyo vilivyoiua. Mota iliyokuwa ikihangaika kuanza kwa miezi kadhaa ilipasha joto kila kitu kilichoizunguka, na joto ndilo linalozeesha kapasita. Sina uthibitisho, lakini siamini kwamba hitilafu mbili zilikutana asubuhi moja kwa bahati.

Kapasita ya hivyo haiagizwi Italia. Kigali ni mji wa vilima, nyumba nyingi zina matangi na pampu za maji, na pampu hizo zinatumia kapasita za jamii hiyohiyo. Kijana alitumwa dukani, akarudi nayo ndani ya nusu saa: mikrofaradi 12, volti 450. Namba ya kwanza inapaswa kulingana na ile ya zamani. Ya pili inaweza kuwa kubwa, isiwe ndogo. Bei yake haikufikia pakiti ya nusu kilo ya kahawa nzuri.

Wakati nyaya zinabanwa, Mzee alikuwa akitazama plagi yangu, na uso wake ulibadilika. Nilikuwa nimeikata plagi ya zamani na kuweka ya pini mbili. Hili ni kosa la mji mzima, na linanitia hofu kuliko kapasita zote. Vifaa vingi huja hapa kutoka Kampala, Nairobi na Dubai vikiwa na plagi kubwa ya pini tatu za bapa, na soketi zetu zinapokea pini za mviringo. Mtu huikata ile plagi, huunga nyaya mbili, na waya wa tatu, wa kijani na manjano, huviringishwa kwa utepe na kusahauliwa. Waya huo ndio wa ardhi. Mashine yenye mwili wa chuma ikivuja ndani, waya huo huupeleka umeme chini badala ya kuupitisha kwenye mkono wako. Tena plagi ile iliyotupwa mara nyingi ilikuwa na fyuzi yake ndani. Kwa mkasi mmoja umeondoa walinzi wawili. Nilibadilisha hapohapo, nikaweka plagi ya pini tatu za mviringo yenye ardhi, na nyumbani nikahakikisha soketi ya jikoni nayo imeungwa.

Wakati huohuo mteja mwingine alileta kisagio kidogo cha visu, kile cha kushika mkononi chenye kifuniko cha plastiki. Ni cha ukoo tofauti. Hakisagi kwa meno. Kisu chake hukatakata punje kwa kasi kubwa. Wazee wa Kigali huvikumbuka kwa jina la Moulinex, kampuni ya Mfaransa Jean Mantelet iliyoanza na kinu cha kupondea mboga mwaka 1932, ikatoa kisagio cha kahawa cha umeme katika miaka ya 1950, na kufilisika mwaka 2001. Mota za aina hii hazina kapasita ya kuanzia. Zina vipande viwili vya kaboni vinavyosugua shaba inayozunguka na kuipitishia umeme. Kwa Kifaransa huitwa charbons, yaani makaa, na kwa kweli ni makaa. Huisha kama chaki. Vikifupika sana hugusa na kuacha, cheche zikaongezeka, mashine ikawa ya kugongwagongwa. Fundi huchukua kaboni za drili zenye ukubwa unaokaribia, akazikwangua kwenye msasa mpaka ziteleze vizuri ndani ya vishikizi vyake, na kisagio kinafufuka.

Jambo moja lilinifurahisha kwa Mzee. Kisagio kile kidogo kilikuwa na fyuzi ya joto iliyokatika, kwa sababu mwenyewe alikiendesha dakika nyingi bila kukipumzisha, na aliomba ile fyuzi “iungwe moja kwa moja tu” ili aondoke. Mzee alikataa. Alimwambia arudi kesho, atakuwa ameipata nyingine ya joto lilelile. “Mama, hiyo ndiyo inayozuia jiko lako lisiungue,” alimwambia, akaendelea na kazi. Yule mama aliguna, kisha akakiacha.

Vitu visivyotengenezeka vina mahali pake: Bugesera kuna kiwanda cha kuchakata taka za kielektroniki, na ni afadhali mara elfu kuliko shimo la nyuma ya nyumba. Lakini chuma kizuri chenye mota nzima hakistahili kwenda huko kwa ajili ya kopo la plastiki.

Jioni nilikirudisha jikoni. Kurekebisha sahani kunafanywa kwa masikio: unakaza kola taratibu mpaka usikie meno yakigusana kwa mlio mwembamba, kama kisu kinapopita kwenye kinoo, kisha unarudi nyuma mara moja na kuendelea kurudi hadi unene unaoutaka. Nikawasha. Kilizunguka mara moja, kwa sauti ya juu na safi ambayo nilikuwa nimeisahau. Unga wa kwanza niliumwaga, kwa kuwa ulibeba mabaki ya ukoko. Wa pili niliukusanya kwenye kisahani, nikaunusa kabla ya kutia maji.

Kiazi kibichi.

Ilikuwa harufu kamili, isiyo na shaka, kutoka kwenye punje moja kati ya mamia. Niliumwaga ule unga, nikapitisha brashi mdomoni mwa kisagio, nikasaga punje kumi za kusafishia na kuzimwaga nazo, nikatandaza zilizobaki kwenye ungo kutafuta kokoto. Kisha nikapima gramu 18 upya na kubonyeza swichi.